Mafuta ya Fundi Kwenye Kikaango Changu

Fundi alikuwa na tabia ya kuonja mafuta ya injini kwa ulimi. Anachovya kidole, analamba, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa sikukuu, kisha anatema. Na pale alipotema ndipo palipokuwa mlango wa hoteli yangu. Kabla mate hayajakauka, huyo anaingia, anavuta kiti kwa mkono uleule na kusema, "Mama Nekesa, leta chai. Sukari mingi." Mimi nimelea watoto, nimemuuguza mama mkwe aliyekuwa hajiwezi, na nimepasua matumbo ya samaki tangu nikiwa msichana. Sitishwi na uchafu kirahisi. Lakini mtu yule alinitia kichefuchefu miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta pale Lumino, na mpaka leo nikiukumbuka ulimi ule mweusi chakula kinanishinda.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwepo, wa pikipiki, wa redio, wa baiskeli, na hao waliitwa kwa majina yao au ya watoto wao. Ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu kuanzia Lumino mpaka mwaloni alijua unamsema yeye, mtu wa injini za mashua. Kwao ni Paya, upande wa Tororo, kwa watu wa jembe, ambako ziwa hulioni hata ukipanda mti. Jinsi mtoto wa muhogo na mtama alivyogeuka kuwa daktari wa injini za majini sikupata kujua. Kila nilipomuuliza alinipa hadithi nyingine, na zote alizisimulia kwa kiapo.

Mwalo, pale mashua zinapoegeshwa, uko mbele kidogo, huko chini kwenye ziwa, lakini Fundi hakupenda kukaa huko. Alisema unyevu wa ziwa unaharibu vyuma vyake. Kwa hiyo injini zilimfuata kwa bodaboda, zimefungwa kwa mipira ya tyubu nyuma ya dereva, kichwa kimelala begani kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Nyingi zilikuwa na ugonjwa mmoja, maji ndani ya mafuta. Injini ya mashua ina mguu mrefu unaozama ziwani, na mwisho wa mguu huo ndiko kwenye gia zinazozungusha propela. Gia zinaogelea katika mafuta yao wenyewe, na kinachozuia ziwa lisiingie humo ni kipete kidogo cha mpira kinachoitwa sili. Kipete kikikatika, ziwa linajipenyeza polepole, mafuta yanapata rangi ya chai ya maziwa, gia zinaliwa na kutu, na siku moja, nchi kavu ikiwa mbali, injini inakwama na haigeuki tena. Haya yote alinifundisha yeye, na wala sikuomba kufundishwa.

Siku niliyofahamu kwamba nimepata jirani wa balaa ilikuwa siku ya gulio. Nilikuwa nimeweka kikaango motoni, mafuta ya kupikia yalikuwa bado hayajamiminwa, nami nikageuka kuchukua chumvi. Nilipogeuka tena nikamkuta Fundi ameinama jikoni kwangu na kijiko mkononi, anadondosha kitu cheusi kwenye kikaango. Kikaanza kupasuka na kurukaruka, cha, cha, cha. Fundi akasogeza sikio karibu na moto, akatabasamu.

"Sikia, Mama Nekesa. Mafuta hii nalia. Mafuta mzuri nikiweka kwa moto hapana lia, nakaa kimya tu. Hii nakunywa maji."

"Fundi! Hiyo ni ya samaki! Ni ya watu nakula!"

"Hata samaki natoka kwa maji," akasema, akaondoka na kijiko changu.

Wateja walicheka mpaka wakapigapiga meza. Nilikisugua kikaango kwa majivu, nikakisugua kwa mchanga, nikakichemshia majani ya ndimu. Hata hivyo mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekula ngege wangu mchana ule aliniambia kwa upole kwamba samaki ni mtamu ila anahisi amefika kwa lori. Nilitaka ardhi inimeze. Nikanunua kikaango kingine, nikakificha chini ya gunia. Akakinusa kama paka. Mwishowe nilikitundika kile cha zamani nje, upande wake, nikamwambia hicho ni chako, hiki usikiguse. Kikaango kikawa chake, lakini moto ulibaki wangu, na kila alipotaka kusikia mafuta yakilia aliingia jikoni bila kubisha hodi.

Beseni langu la kuoshea sukuma nalo halikupona. Alikuwa na namna nyingine ya kupima. Anaumwaga mguu wa injini mafuta yote, anabana pampu ya baiskeli kwenye tundu la skrubu, anajaza upepo, kisha anauzamisha kwenye beseni la maji na kukodoa macho. Mapovu yakitoka penye propela, ni sili ya propela. Yakitoka penye skrubu, kuna mtu kasahau washa, ile pete inayokaa chini ya skrubu. Nilikuwa nikilikuta beseni langu lina utando wa rangi za upinde wa mvua, naye ameketi kando yake ametulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kuogesha mtoto.

Nizungumzie mikono yake, maana huko ndiko chuki yangu yote ilikokuwa imejikusanya. Ilikuwa mipana, na kila mstari wa kiganja ulikuwa umejaa grisi iliyokaa humo mpaka ikawa ngozi. Kucha zilikuwa nene, zimepindana. Niliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni kwa ajili yake peke yake, na watu wote wakanawa isipokuwa yeye. Aliipita kama anavyoipita mbwa wa jirani. Sisi huku mtu hali kabla ya kunawa, hata awe na haraka ya namna gani, hata awe mlevi. Fundi aliukata ugali wa mtama na muhogo kwa mkono ule, akauchovya, akalamba vidole, akaacha alama tano nyeusi kwenye ukingo wa sahani. Sahani zake niliziosha peke yake.

"Nawa, Fundi. Maji iko hapo," nilimwambia mara nyingi kuliko nilivyomwamkia.

"Hii ni uchafu ya nje, Mama Nekesa. Uchafu ya injini hapana ua mtu. Mungu naangalia uchafu ya ndani."

Alipenda kulisema neno hilo la ndani na la nje, na watu walipenda kulisikia. Jumapili alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama safu ya nyuma ya kwaya na kuimba kwa sauti nzito iliyotikisa mabati. Wanawake walisema, jamani, kumbe Fundi ni mwanamume mzuri. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma yake makusudi, na kola ile nyeupe ilipofika katikati ya ibada ilikuwa imeshachorwa mstari.

Na bado mtu huyohuyo, kwa habari ya mafuta, alikuwa msafi kupita bibi harusi. Faneli yake ya kumiminia aliichemsha, akaifunga kwa kitambaa cheupe na kuitundika juu ambako vumbi halifiki. Hapa mpakani mwa Uganda na Kenya mafuta ya gia hununuliwa kwa kupimiwa. Yanakuja kwenye mapipa, na muuzaji anakumiminia katika chupa tupu ya maji ya kunywa, chupa ambayo mara nyingi ameisuuza asubuhi ile na hakuikausha. Wavuvi wanaona wamepata chupa safi. Kumbe wanapeleka maji wenyewe kule wanakotaka maji yasiende. Nimemwona Fundi akiinua chupa kama hiyo juani, akaonyesha kwa ukucha matone yaliyojibanza chini, na kumfukuza mwenye nayo mbele ya watu.

"Nani nakausha hii chupa? Eh? Wewe naleta dawa, na ndani ya dawa naweka ugonjwa. Rudi Busia! Rudi na miguu!"

Injini iliyofika haifunguliwi siku hiyo. Aliisimamisha wima kwenye gogo, akaiacha ipumzike mpaka kesho yake. Kisha alifungua skrubu ya chini kwanza, taratibu, na kutazama kinachotangulia. Maji mazito hukaa chini, kwa hiyo kama yamo, ndiyo yanayotoka mwanzo. "Maji najificha chini kama mwizi," alikuwa akisema, "lakini ukifungua mlango, yeye ndiye wa kwanza kukimbia." Ikiwa mafuta yote yametoka meupe, yamechanganyika, basi injini imefanya kazi siku nyingi ikiwa na maji tumboni, na mwenye nayo ajiandae kusikia matusi.

Sipendi kumsema mtu nusu, kwa hiyo na hili niliseme. Binti yangu Nekesa alipopata malaria ya kichwani, mume wangu akiwa safari Tororo, ni Fundi aliyeacha injini imefunguka kifua na kumbeba mtoto mpaka zahanati, akipiga kelele njia nzima watu wampishe. Alikaa naye mpaka macho yakafumbuka. Kiganja chake kilibaki mgongoni mwa gauni la mtoto, cheusi, na gauni lile halikutakata tena. Sikulitupa. Lilikaa chini ya sanduku, na nilipoliona nilijua kwamba yule mtu ana moyo mahali fulani.

Tatizo lake, ukiacha maji na sabuni, ni kwamba hakuwahi kukosea. Kunya anye kuku; akinya bata, kaharisha. Injini ya fundi mwingine ikirudi na ugonjwa, Lumino yote ilitangaziwa, na Fundi aliijadili kuanzia chai ya asubuhi mpaka samaki wa jioni. Ya kwake ikirudi, kosa ni la mwenye injini, au la muuza mafuta, au la ziwa lenyewe. Nilimcheka siku moja, nikamwambia, Fundi, hata Mungu alijutia watu wakati wa Nuhu. Hakucheka. Akanikazia macho, akasema kwa sauti ndogo kwamba fundi akikosea mbele ya watu, kesho yake injini zinapita mlangoni bila kusimama.

Kwenye ukuta uliotutenganisha kulikuwa na msumari, na kwenye msumari alitundika nyuzi. Mashua ikipita juu ya nyavu zilizotupwa, au juu ya takataka, uzi unajizungusha nyuma ya propela, unabanwa, unapata moto, unakaza, mpaka unaikata sili. Fundi alizitoa nyuzi hizo zikiwa zimeshikamana kama pete, nusu zimeyeyuka, akazitundika ili awaonyeshe manahodha wazembe. Nyingi zilikuwa za kijani au za rangi ya maziwa. Moja ilikuwa nyekundu. Ilitokana na mifuko ile ya vitunguu inayovushwa kutoka Kenya, na upande mmoja ilikuwa na nundu ngumu mahali ilipoyeyuka. Fundi aliipenda. Aliiita bangili. Alikuwa akinivizia nikiwa na unga mikononi, ananivisha na kusema, "Bibi harusi nakaanga samaki!" Nami nairudisha msumarini kwa ncha ya kisu, huku nikimtukana na, lazima nikiri, huku nikicheka. Nundu ile niliifahamu kama ninavyofahamu kovu la goti langu.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Wandera ni kitinda mimba wetu. Alikuwa akiendesha mashua ya mtu ambaye sote tulimwita Tajiri, mwenye vyombo vingi pale mwaloni. Tangu utotoni Wandera hakutaka kingine ila ziwa. Akiwa na usukani wa injini mkononi alikuwa mtu mwingine, mtulivu, mwenye maneno machache, na wazee wa mwalo walisema chombo kikiwa na Wandera mama za wavuvi wanalala usingizi. Tajiri alikuwa amemwahidi kwamba mashua mpya ikishachongwa atamwachia yeye aisimamie kama yake.

Wandera ndiye aliyeona mafuta yameanza kuwa meupe, akaomba injini ipelekwe kwa Fundi. Fundi akaipima kwa beseni langu, akasema ni sili ya propela, ikanunuliwa mpya. Akasema ameifunga. Injini ikarudi mwaloni, na Fundi akajipiga kifua kwamba sasa watazeeka nayo. Haikumaliza wiki. Ilikwama katikati ya ziwa, upepo umechafuka, na Wandera na wenzake wakapiga makasia mpaka ngozi ya viganja ikavuka. Walifika wakiwa hai. Ningeishukuru siku ile kama ingeishia hapo.

Tajiri alikuja Lumino kesho yake akitoa moto, injini kwenye boda moja, Wandera kwenye nyingine. Watu wakajaa. Fundi akaisimamisha injini kwenye gogo, akafungua skrubu, na kitu kilichotoka humo kilikuwa chai ya maziwa kabisa, tena iliyolala, nzito, na vumbi la chuma likimetameta ndani. Aliikinga kwa jagi langu. Hakulamba siku hiyo. Akatugeuzia mgongo, akafungua propela, akainama muda mrefu. Alipogeuka alikuwa ameshika pete ya uzi mwekundu.

"Hii ni nini?" akauliza watu wote. "Kijana napita juu ya takataka. Uzi nakula sili yangu mpya. Hii si kazi ya Fundi, hii ni macho ya mwendeshaji."

Nikaangalia msumarini. Kijani ipo, ya maziwa ipo. Bangili haipo. Nikaitazama tena ile iliyo mkononi mwake, nikaiona nundu. Sikungoja. Nilitoka jikoni na mwiko wangu.

"Fundi, hiyo ni ya kwa msumari! Jana ulinivalisha hapa! Watu wote angalieni msumari!"

Watu wakautazama msumari, kisha wakanitazama mimi. Tajiri akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ni mdogo wako wa tumbo moja. Ungesema nini kingine?"

"Basi toa sili tuone," Wandera akasema. Sauti yake haikupanda. "Kama ni mpya, tutaiona mpya."

"Imekatika vipande. Nimetupa huko," Fundi akajibu, akionyesha debe la mafuta machafu ambalo hakuna aliyekuwa tayari kutia mkono ndani yake. Kisha akanigeukia, na lile tabasamu la siku zote. "Mama Nekesa, kaanga samaki yako. Injini achia mimi."

Mimi ndiye niliyetia mkono ndani ya debe. Nilizama mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa vyuma na matope, na sikuambulia sili wala kipande cha sili. Hilo nalo halikusaidia kitu. Walisema imezama. Nilisimama pale mkono wangu mweusi unachuruzika, mweusi kama wa kwake, na kichefuchefu kilichonipanda hakikuhusu grisi. Tajiri akamwambia Wandera aache jaketi la kuokolea, maana lilikuwa mali ya chombo. Wandera akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gogo.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kesho yake asubuhi, saa yake ileile, Fundi akaingia, akavuta kiti, akasema, "Mama Nekesa, leta chai. Sukari mingi." Kama vile jana haikuwepo. Nilitoka nje, nikakitungua kikaango kile cha zamani, nikamwekea mezani.

"Chukua hii yako. Chai hakuna. Na kwa moto yangu usikuje tena."

"Wewe nakasirika kama mtoto," akasema. Alikichukua hata hivyo. Tangu siku hiyo aliwasha jiko lake mwenyewe, na nilikuwa nikiyasikia mafuta yakilia upande wa pili wa ukuta. Hatukuamkiana tena. Baadaye kifua kikaanza kumsumbua, akakohoa misimu miwili, akafunga karakana na kurudi kwao Paya.

Mwaloni jina likishaharibika halifuliwi. Wandera alizunguka vyombo vyote na kila mwenye chombo alikumbuka ghafla kwamba ameshapata mtu. Sasa yuko Busia mpakani. Anasukuma baiskeli za matairi matatu za ndugu zetu walemavu, zile zinazovusha sabuni na mafuta ya kupikia kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ni kazi halali, na mwenye baiskeli anamheshimu. Lakini nimemwona akivuta kofia usoni anapokutana na watu wa mwalo, na mama yetu, ambaye haoni vizuri siku hizi, bado anauliza kama mtoto amerudi kutoka majini.

Mwaka huu Tajiri amechonga mashua nyingine. Nikamwendea na samaki wa kukaanga, nikambembeleza kwa heshima zote. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akafuta mikono.

"Mama, mimi siwezi kurudisha mtu juu ya neno la dada yake. Lakini Fundi akisema kwa mdomo wake, simu yangu iko wazi. Siku hiyohiyo Wandera achukue chombo."

Kwa hiyo nilifunga safari ya Paya. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mwanawe, ameketi juu ya mkeka kando ya shamba la muhogo, na kwanza nilidhani nimekosea boma. Alikuwa msafi. Mkwewe alikuwa amemnyoa ndevu, amemkata kucha, amemsugua mpaka ngozi imepata rangi ambayo sikujua kama anayo. Viganja vilikuwa vyeupe, mistari mitupu. Kando yake kuku walikuwa wakinywa maji kwenye kikaango changu.

"Mulembe, Mama Nekesa," akaniamkia kwa lugha yetu ya Kisamia, kama zamani. "Bado wewe nakasirika?"

"Nakuja kwa sababu ya Wandera."

Mkwewe akaleta birika na beseni, akapiga goti, akatunawisha. Fundi alinawa kwa sabuni, taratibu, kidole kimoja kimoja, nami nilimtazama kama mtu anayetazama kiwete akicheza ngoma. Chakula kikawekwa kati yetu, ugali wa mtama na muhogo, na kuku. Mkwewe alipoondoka, Fundi akasema bila kulazimishwa.

"Ile sili mpya nilikata mimi. Na bisibisi. Mkono ilikuwa imeanza kutetemeka, sikuambia mtu. Ilikuwa moja tu. Nikarudisha ya zamani, nikasema itashika siku kidogo, nitaenda Busia kutafuta ingine. Ziwa hapana ngoja."

"Na bangili?"

"Bangili ilikuwa pale kwa msumari," akasema, kama mtu anayekuambia chumvi iko wapi.

"Fundi, wewe ulibeba mtoto wangu. Kwa nini unafanya hivyo kwa ndugu yangu?"

Akaangalia kuku wake. "Watu wote walikuwa naangalia."

Sikumtukana. Nilikuwa nimekuja kuchukua neno, si kutukana, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni mwake. Nikamweleza ahadi ya Tajiri. Akaitikia kwa kichwa, akasema piga. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu karibu na kinywa chake. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyomwambia mama.

"Fundi!" Tajiri alipaaza sauti. "Uko mzima? Huku tunalia. Hawa mafundi wa sasa ni takataka tupu, mtu haoni maji kwenye mafuta mpaka injini ife. Fundi kama wewe hatukupata tena!"

Niliona uso wake ukiwaka. Mabega yaliyokuwa yamelegea yakanyooka.

"Asante, Tajiri. Asante sana."

"Mama Nekesa yuko hapo? Aliniambia una neno juu ya yule kijana."

Fundi akanitazama. Nikamtazama. Nilimpa ishara ya kichwa kumhimiza, kama unavyomhimiza mtoto aseme shikamoo.

"Neno ni hii," akasema. "Ambia watu ya mwalo wafungue skrubu ya chini kila wiki. Wakiona nyeupe, wasiende kwa ziwa. Na chupa wakaushe."

"Sawa, Fundi. Na kijana?"

"Kijana..." Akakohoa. "Vijana hapana sikia, Tajiri. Unajua vijana."

Tajiri akacheka, akamtakia afya njema, akakata. Sikujua niiweke wapi simu. Niliitia kifuani, ikawa ya moto. Fundi akaisogeza sahani upande wangu kwa mkono ule uliotakata, uliokatwa kucha, ulionukia sabuni.

"Kula, Mama Nekesa. Chakula napoa."

Mkono huo nimeulisha miaka mingi ukiwa mweusi, huku nikinung'unika. Nikautazama sasa, nikashindwa kutia wangu katika sahani ileile. Kwetu mtu akishanawa hainuki bila kula; ni kumtukana mwenye nyumba. Nilikuwa nimeshanawa. Nikafuta mikono kwenye leso yangu, nikainuka, nikamwaga yale maji ya kuku, na kikaango changu nikaondoka nacho.